Lami imefika Matema. Mbele yake je?

Watu wa Mbeya mjini hupenda kulalamika kwamba hawana bahari, kisha Pasaka ikikaribia wanajazana kwenye Noah na Kosta na kuteremka Kyela. Zamani teremko hilo lilikuwa na adhabu yake. Ukiacha lami ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, kipande cha kupitia Ipinda hadi ziwani kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mvua za Kyela hazina utani. Sasa lami inatoka Kikusya, inapita Ipinda na kuishia Matema, kama kilomita 39. Mtu anaondoka Mbeya asubuhi amevaa koti, kwenye mwinuko wa mita kama 1,700. Kabla ya chakula cha mchana yuko chini ya mita 500, koti liko kwenye buti la gari na miguu iko ndani ya Ziwa Nyasa.

Tangu lami ifike, mjadala umehama. Hakuna tena anayeuliza tutafikaje. Watu wanauliza tukomee wapi. Wako wanaosema huu ndio wakati wa hoteli kubwa, na barabara isiishie hapo: ichongwe ubavuni mwa mlima, ifuate maji kuelekea kusini hadi mwambao wa Ludewa. Wengine wanasema imetosha, mbele ya Matema pabaki kwa miguu na mtumbwi, kwa sababu ugumu wa kufika ndiyo bidhaa yenyewe. Hoja ya kwanza utaisikia kwa wenye viwanja na wenye biashara. Ya pili utaisikia kwa vijana wa mjini wanaobeba mahema mgongoni. Kila upande una jambo moja zito ambalo mwenzake analikwepa, na kwa maoni yangu wote wawili wanagombania kitu ambacho hakikupaswa kuwa cha kwanza.

Kwa asiyepajua: simama ufukweni Matema utazame kusini. Kulia kwako mchanga unanyooka kuelekea midomo ya mito, na wenyeji watakuonya mapema usioge huko kwa sababu ya mamba. Kushoto, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, sehemu nyingine bila kuacha hata nafasi ya kulima tuta moja. Huo ni ukuta wa Bonde la Ufa, na haukomi pale unapogusa maji. Unaendelea kushuka ndani ya ziwa ambalo kina chake kirefu kabisa kinakaribia mita 700. Mtumbwi ukiondoka kwenye mchanga na kushika njia ya Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, haichukui muda mawe ya chini kuanza kupotea na maji kugeuka bluu ya kuogopesha kidogo. Ni nadra Nyanda za Juu Kusini kukuta mlima na maji vimebanana hivi.

Halafu kuna huko juu. Nyuma ya ukuta huo iko Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa mita kama 2,600 wenye okidi za kila namna, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Njia ya miguu inatoka kwenye maua, inapita msitu wa Livingstone anakoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 2003 hadi 2005 ingawa wawindaji wa huko walikuwa na jina lake zamani, kisha inateremka hadi Matema. Kwenye karatasi ni safari nzuri kuliko zote za kusini. Kwenye magoti ni habari nyingine. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, miezi ileile ambayo mvua inafanya mteremko uwe sabuni. Kutembea kunafaa zaidi Septemba hadi Novemba, wakati maua ni haba. Mgeni achague, na mwongozaji mwaminifu amwambie hivyo kabla hajalipa.

Sasa turudi kwa wale wanaosema paachwe. Wengi wanawabeza kuwa ni washairi, lakini hoja yao yenye nguvu haihusu mandhari. Inahusu udongo. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani, na wengi wao ni wale wadogo wa rangirangi wanaoishi kwenye mawe ya kandokando, kila aina na eneo lake, wengine wakiwa hawavuki hata ghuba moja ya mchanga. Chini kabisa hawawezi kukimbilia, kwa kuwa maji ya kina kirefu hayana hewa ya oksijeni. Maisha yao yote yako kwenye ukanda mwembamba wa juu. Ukichonga barabara kwenye mlima ulioinama vile, kwenye eneo linalopata mvua kubwa kuliko karibu sehemu yote ya nchi hii, kifusi kitaenda wapi? Kitaingia majini, kitafunika mawe, na yule mgeni aliyeambiwa alete miwani ya kuzamia ataangalia tope.

Wana hoja nyingine kuhusu majengo. Ziwa hili halikai mahali pamoja. Kati ya 1915 na 1935 hivi maji yalishuka hadi mto Shire, ambao ndio pekee unaotoa maji ziwani, ukaacha kutiririka. Baadaye yakapanda tena. Anayejenga baa juu ya mchanga leo kwa sababu maji yako mbali anacheza kamari na mchezaji mwenye subira kuliko yeye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, na hapo sioni cha kujadili. Mita 60 zipimwe kwa tepu, si kwa macho ya mwenye kiwanja.

Na kuna kichocho. Huko kusini mwa ziwa, Cape Maclear nchini Malawi, watafiti wamehusisha kuongezeka kwa ugonjwa huo na kupungua kwa samaki wanaokula konokono, baada ya uvuvi kuzidi kandokando ya ufuo. Kwa hiyo watu wakiongezeka ufukweni bila vyoo vya maana, na samaki wakapungua mawe yakiwa yamefunikwa, maji yale masafi yanayotangazwa kwenye picha yanaweza kugeuka sababu ya watu kukaa mbali.

Mpaka hapa ungedhani nimeshachagua upande. Lakini hebu tuteremke kusini zaidi ya Ikombe, kwenye kata kama Lumbila, Kilondo na Makonde, wilayani Ludewa. Kwa miaka mingi njia yao kubwa imekuwa maji. Maneno yale ya "ugumu wa kufika" yana ladha tofauti kabisa huko. Kwa mgeni wa siku tatu ugumu ni simulizi ya kwenda kusimulia ofisini Jumatatu. Kwa mkazi ni mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku ambao ziwa limechafuka, na wanaume wamesimama ufukweni wanabishana kama mtumbwi utavuka au la. Sijawahi kumsikia mkazi wa kule akisema barabara isije kwa sababu itaharibu mandhari. Wanaosema hivyo wana gari linalowasubiri Matema.

Hili ndilo linaloniudhi katika hoja ya kuacha asili: inataka uhifadhi ugharamiwe na watu wasioulizwa, kisha faida ya utulivu huo iende kwa mtu wa kupita. Kama tunasema ufuo huu ubaki bila barabara ya kando ya maji, basi tuseme pia wakazi wanapewa nini badala yake, na wapewe kabla ya watalii kupewa hema.

Barabara ya kufuata maji si njia pekee ya kumfikia mtu wa mwambao. Ipo barabara inayoshuka kutoka Ludewa mjini hadi Lupingu. Imepinda, ina miteremko ya kumfanya dereva anyamaze, lakini inafika. Matawi ya namna hiyo, yakishuka kutoka juu hadi kijiji kinachohitaji, nayo yanakata mlima na yanataka mifereji iliyojengwa vizuri, ila yanagusa ufuo kwenye pointi chache tu, si kwa urefu wake wote. Halafu kuna meli. Mv Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, inahudumia bandari za ziwa hili, na kwa bei ya kilomita chache za lami iliyochongwa kwenye jabali unaweza kujenga magati kadhaa na kununua boti za wagonjwa. Kwa mtalii ni nafuu vilevile. Safari ya maji kutoka Kyela hadi Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa nchi kavu kwenye matengenezo, ingeuzika bila kuongezewa chumvi. Tatizo ni kwamba mtu anayepanga likizo hawezi kupanga juu ya ratiba asiyoijua.

Wanaotaka hoteli wana jibu lao: bila mwekezaji mkubwa hakuna fedha ya chochote kati ya hivyo. Ni jibu la haki, ila historia ya karibuni haiwaungi mkono sana. Mradi wa REGROW, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 uliopitishwa 2017, ndio uliotangazwa kuwa utafungua utalii wa kusini. Ulilenga hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Nyerere. Ziwa halikuwamo, Kitulo haikuwamo. Aprili 2024 malipo yakasimamishwa kufuatia malalamiko ya wananchi wa jirani na Ruaha, na Novemba mwaka huohuo fedha zilizobaki zikafutwa. Anayeusubiri mkoba mkubwa atasubiri wakati vyumba vya Matema vinajazwa na watu wa Mbeya, Tukuyu na Tunduma wanaolipa kwa simu na kula ubwabwa wa Kyela. Hao ndio soko. Hawahitaji ghorofa, wanahitaji maji ya bomba, choo kisafi, na mtu wa kuwaambia wapi pa kuoga.

Swali ninaloona limekaa nyuma ni la nani anaondoka na nini. Jumamosi Wakisi wanaleta vyungu kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema, vingi vikiwa vimekuja kwa mitumbwi. Ni vyembamba kuliko unavyotegemea, na ukikigonga kwa ukucha kinalia. Kijana mmoja wa mjini alikuwa ameinama juu ya rundo.

"Mama shikamoo. Hiki kidogo shilingi ngapi?"

"Marahaba. Hicho si kidogo mwanangu, hicho ni cha mboga. Kidogo ni kile pale, cha kuchezea watoto."

Akacheka, akalipa bila kubishana sana, na yule mama akakivisha majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akisema kikibebwa uchi hakifiki Tukuyu. Fedha ile ililala Ikombe usiku uleule. Mgeni huyohuyo akilala kwenye hoteli ambayo mchele wake, bia yake na meneja wake vimetoka mbali, kijiji kinabaki na mshahara wa mlinzi na wa mfagiaji. Sisemi hoteli ni haramu. Nasema kabla halmashauri haijapigia makofi idadi ya vitanda, ihesabu hicho.

Kuna mgongano mmoja ambao nitautaja kwa sababu nimeuona kwa macho. Usipa, dagaa wa ziwa hili, huanikwa juani, mara nyingi kwenye mchanga uleule ambao mgeni anataka kutandika taulo. Wananuka, na nzi wanakuja. Mgeni akilalamika, mwenye gesti anamwomba mwanamke aliyeanika ahamishe. Leo ni ombi la ujirani. Kesho, kiwanja kikishauzwa na ukuta ukisimama, litakuwa amri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na hapo ndipo pa kuandika mapema, kwenye muhtasari, mialo ipi ni ya mitumbwi na usipa milele na wapi ni pa viti vya kupumzikia. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka mchangani zingesaidia pande zote, na hazihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwa hiyo msimamo wangu hautawafurahisha wengi. Barabara ya kufuata maji, hapana, angalau hadi mtu aonyeshe kifusi kitamwagwa wapi. Barabara za kushuka vijijini, ndiyo, hata kama picha za mtalii zitaingiwa na nguzo za umeme. Hoteli za wastani nyuma ya mita 60, zije. Njia ya Kitulo hadi Matema iwekewe alama na waongozaji wa vijiji vya juu na chini walipwe kwa viwango vilivyobandikwa ukutani, maana sasa bei inategemea sura ya mgeni.

Na kitu cha kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, kiwe gati na boti yenye jaketi za kuokolea maisha zinazotosha abiria wote. Upepo wa kusini-mashariki, ule mwera wa kuanzia Mei hadi Agosti, huinua mawimbi kwa muda mfupi sana, na wageni wa likizo za Juni hawajui hilo. Nilimuuliza mwenye boti mmoja kwa nini amebeba jaketi nne kwa watu tisa. "Wenyeji hawavai, kaka," akanijibu, "na wageni huwa hawaulizi."