Uso wa Ninja Mapajani

Fundi alitaka elfu 40. Nikamcheka. Elfu 40 kubadilisha balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, na balbu yenyewe nije nayo mimi? Akaniambia taratibu, "Bosi, hiyo si hela ya balbu, ni ya kuvua kava. Hii si Boxer." Nikamjibu kwamba mikono ninayo, spana ninazo na intaneti ninayo. Katika vitu hivyo vitatu, cha uhakika kilikuwa intaneti, na yenyewe kifurushi cha siku.

Pikipiki yangu ni Kawasaki Ninja 250 ya mwaka 2009, mtumba. Ile ya bodaboda taa iko nje, unaiona, unaifungua, unaendelea na maisha. Hii imevaa plastiki kuanzia puani mpaka tumboni, na taa iko ndani ya hayo mavazi kama bibi harusi wa Kizanzibari. Usiku wa Ijumaa, narudi Tabata, taa kubwa ikazimika ghafla, ya chini na ya juu kwa pamoja. Kitaa kidogo cha mbele kikabaki kinawaka. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikanunua balbu.

Jumamosi asubuhi nikatandika mkeka uani. Kwenye video niliyoangalia, mzungu mmoja mwenye glavu safi alimaliza kazi yote kwa dakika 8, na humo ndani alishapata nafasi ya kunywa kahawa. Alisisitiza jambo moja: skrubu hazilingani urefu, zipange kwa mpangilio zilikotoka. Nikaona hilo ndilo langu. Nikachukua sinia kubwa la jikoni, nikachora pikipiki kwa chaki, kila skrubu nikaiweka mahali pake kwenye mchoro. Skrubu 21. Nilijipiga hadi picha, yaani mimi na sinia.

Klipu ndizo zilizonitoa jasho. Ni vijiti vyeusi vya plastiki, vina kichwa bapa chenye kitufe katikati. Nikazing'oa kwa kisu, kisu kikavunjika ncha. Nikajaribu koleo, plastiki ikaanza kutafunika. Nusu saa nzima. Binti yangu wa miaka sita, aliyekuwa pembeni na kalamu yake, akachomeka kalamu kwenye kile kitufe. Tik. Kikazama ndani, klipu ikatoka yenyewe kama jino la utoto.

"Baba, pameingia."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Vikabaki vioo vya pembeni. Kosa langu kubwa liko hapa, ila kwenye ile video mzungu alilipita haraka mno: boliti za vioo hupenya kwenye kava na kushika chuma cha ndani, kwa hiyo ukifungua vioo, umefungua kilichoshikilia pua nzima. Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguu nimeitandaza huku na huku ya tairi la mbele, najisikia fundi. Boliti ya mwisho ikatoka. Uso wote wa Ninja, na taa zake na kioo chake, ukanidondokea mapajani.

Haukuanguka chini, maana ulikuwa unaning'inia kwa nyaya. Nikiuachia, nyaya zinakatika. Nikiuvuta, nyaya zinakatika. Kwa hiyo nikaukumbatia. Plagi ziko nyuma ya taa, na mikono yote miwili imeshaajiriwa. Simu ikaanza kuita mfukoni. Nikamwambia binti akamwite mama yake, akasema mama hayupo, ameenda sokoni. Nilikaa hivyo mpaka jirani alipochungulia ukutani, akatuangalia, mimi na pikipiki, akasema "samahani" na kurudi ndani kwake. Mwishowe binti ndiye aliyeingiza mkono na kuchomoa zile plagi moja moja.

Balbu mpya nikaiweka, na nikaishika kioo chake kwa vidole vyenye grisi, jambo ambalo hata boksi lake lilikataza kwa mchoro wa mkono uliopigwa mstari. Nikaenda kunawa nijiandae kufunga. Niliporudi, sinia halipo.

"Baba Watoto, wageni wanakuja, nitapakulia nini?" Mke wangu alikuwa jikoni na pilau lake. "Vyuma vyako nimekukusanyia kwenye kopo la siagi, visipotee."

Skrubu zote 21, fupi na ndefu, pamoja na klipu, kwenye kopo moja. Na chaki ameiosha vizuri kabisa.

Wageni walikuwa baba mkwe na dada yake. Tukanawa, tukalizunguka sinia. Nikala kimya, nawaza kopo. Katikati ya chakula mzee akasimamisha taya, akatoa kitu mdomoni, akakigeuza mbele ya macho yake yasiyo na miwani.

"Mwanangu, karafuu hizi mnanunua wapi? Kubwa, lakini ngumu."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Shikamoo baba."

Jioni kava lilirudi. Skrubu ndefu zilizogoma kwenye tundu fupi nilizisaidia kwa maneno makali. Nikawasha. Taa kubwa, kimya. Kitaa kidogo, kinawaka.

Kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu akapita, akauliza, "Kaka, umeangalia fyuzi?" Akafungua kiti kwa ufunguo, akafunua kisanduku, akachomoa fyuzi ya ampea 10 iliyoungua, akaweka ya akiba iliyokuwa humohumo. Taa ikawaka mpaka kwa jirani. Halafu akafuata kwa kidole waya wa zile taa za urembo nilizofunga wiki ile, ambazo nilizichomea kwenye umeme wa taa kubwa. Hakusema neno. Alinipiga begani tu.

Jumatatu nikatoka Tabata Relini naingia Barabara ya Mandela, nakata kushoto kwenda Ubungo. Indiketa nimewasha. Daladala ikanipigia honi, boda akanitukana, na trafiki akanyoosha mkono.

"Kijana, unaelekea wapi?"

"Ubungo, afande."

"Nyuma yako inaenda Ubungo. Mbele yako inaenda Buguruni."

Nikashuka kuangalia. Kweli: indiketa ya nyuma inawaka kushoto, ya mbele inawaka kulia. Plagi za indiketa za mbele zinafanana kama mapacha. Waya wa kushoto ni wa kijani, wa kulia ni wa kijivu, na kwa mtu anayefunga pikipiki magharibi huku anaombwa aje kuaga wageni, rangi hizo ni moja. Afande alicheka mpaka akakiweka chini kile kimashine chake cha faini.

Nikaisukuma hadi kwa fundi yuleyule. Hakunicheka. Alisema tu kwamba sasa ni elfu 60, elfu 40 ya kuvua na 20 ya kutafuta skrubu gani ni ya wapi. Nikamhesabia. Kava likatoka kabla sijamaliza soda, plagi zikabadilishana nafasi, na kila kitu kikarudi mahali pake isipokuwa klipu moja iliyokosekana chini ya kioo. Nikaitoa mfukoni, nikampa.

Akaishika, akataka kuichomeka, akasita. Akaisogeza puani.

"Bosi, mbona hii inanukia bizari?"