Miguu Yangu na Kindege cha Watu

Nilikwenda shamba moja la mkonge kule Muheza kutengeneza pampu ya maji. Nilipomaliza, rubani wa kindege cha shamba akaniambia, "Fundi, nakwenda Tanga. Panda, robo saa tu." Nikaufikiria msongamano wa daladala, nikapanda.

Ilikuwa Piper Super Cub, ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Nikagonga ubavu, ukalia kama ngoma.

"Kapteni, hiki si kitambaa?"

"Kitambaa, fundi. Ndani kuna mabomba ya chuma. Fimbo ya nyuma ya kuongozea nimeing'oa, lakini hivyo vikanyagio vya miguuni kwako vimeungana na vyangu. Usiviguse."

"Haina shida, Kapteni."

Angani hapana cha kusimulia. Mistari ya mkonge, bahari kwa mbali, basi.

Kutua sasa. Kusi ilikuwa inatupiga ubavuni, pua imenyanyuka, mbele sioni kitu ila kisogo cha rubani na jasho likiteremkia kwenye kola. Tukagusa ardhi, tukaruka, tukarudi chini kwa kishindo. Hapo nikafanya kile anachofanya kila abiria wa siti ya mbele ya daladala dereva akienda mbio: nikakanyaga breki. Maisha yangu yote nimekanyaga breki isiyokuwepo. Siku hiyo ikawa imeungwa waya.

Ndege hizi gurudumu dogo liko mkiani, na uzito umekaa nyuma ya yale makubwa mawili. Zikipinda kidogo tu, mkia unataka kutangulia. Ndiyo maana rubani huchezesha miguu kama fundi cherehani mpaka zisimame kabisa, na mimi nilikuwa nimemkanyagia cherehani yake. Jengo la uwanja nikaliona kulia, halafu mbele, halafu kushoto, halafu vumbi. Tulipotulia tulikuwa tunatazama tulikotoka, ncha ya bawa imelala kwenye nyasi.

Rubani hakugeuka.

"Fundi."

"Naam, Kapteni."

"Miguu yako iko wapi?"

"Ipo hapa hapa."

"Hapa wapi?"

Nikainama kutazama. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekanyaga mpaka mwisho.

Wakaja vijana wawili wakata nyasi, mapanga mkononi. "Shikamooni. Mmetua au mmeanguka?"

"Muulizeni rubani wa nyuma," akasema, akafungua mlango.

Hatukuumia hata ukucha, ila mguu mmoja wa ndege ulipinda na bawa likachanika. Ilikuwa iwe waja leo waondoka leo. Kindege kikalala Tanga wiki tatu.

Nikaenda kuomba radhi, nimebeba mfuko wa machungwa. Nikamkuta fundi wao anashona bawa kwa sindano na uzi, kweli kama shuka. Rubani akapokea machungwa, akacheka, akanimiminia chai. Halafu akachukua kigoda, akakisogeza hatua kumi mbali na ndege.

"Kaa hapo, fundi. Kunja miguu."