Jirani Asiyehesabu Waumini Wake

Barazani kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya isha, kahawa ikishamiminwa, kuna neno lisilokosa kurudi kila mtu anaporejea kutoka Tanga au Dar es Salaam: Watanzania ni watu wema, wapole, Kiswahili chao kimenyooka, ila dini hawana kama sisi. Msemaji huwa na ushahidi wake tayari. Katiba yao inasema nchi haina dini. Sensa yao haimuulizi mtu anasali wapi. Na vibango vya waganga vilivyogongomelewa kwenye nguzo za stima, kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni, vingi vinatangaza mganga aliyetoka kwao. Kisha hutajwa yetu. Katiba ya 2010 inafungua kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na dibaji yake inaishia kwa kumwomba aibariki Kenya. Mwanasiasa wetu hapitishi Jumapili bila kushika maikrofoni kanisani, na Ramadhani ikifika, hata asiyefunga hukaribishwa kwenye futari ya hadhara apigwe picha.

Nimelisikia neno hilo miaka mingi na naona linawadhulumu majirani. Tena linatuzuia kujiona wenyewe tulivyo.

Tuanze na palipo na hesabu. Sensa yetu ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Wakristo walikuwa asilimia 85.5, Waislamu asilimia 10.9. Uganda, kwenye sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7. Tanzania mara ya mwisho kuwauliza watu dini zao kwenye sensa ilikuwa 1967. Tangu hapo, hata sensa ya 2022 iliyohesabu watu karibu milioni 61.7, swali hilo halimo. Kwa hiyo anayesema Waislamu wa Tanzania ni wengi kuliko Wakristo, au kinyume chake, anakisia tu. Lakini hesabu hizi zote zinasema mtu anajiita nani, hazisemi anaamini kwa kiasi gani. Taasisi ya Pew ya Marekani ilijaribu kulipima hilo la pili katika utafiti uliochapishwa 2010, ikawahoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Walipoulizwa kama dini ni jambo muhimu sana maishani mwao, watu wa nchi zetu hizi walijibu ndiyo kwa kiasi kinachokaribia tisa katika kila kumi, upande huu wa mpaka, Lunga Lunga, na upande ule, Horohoro. Hata nchi iliyokuwa ya chini kabisa kwenye orodha ile iliipita Marekani. Anayetafuta pengo la imani kati ya Mombasa na Tanga hatalipata hapo.

Kuna tarakimu moja kwenye sensa yetu ambayo imenikaa kichwani tangu ilipotoka. Mwaka 2009 Wakenya 922,128 waliandikwa kuwa hawana dini. Mwaka 2019 wakawa 755,750. Magazeti yaliandika habari za "wasioamini Mungu", zikachanganyika na mzozo wa chama cha wasioamini kilichosajiliwa Nairobi mwaka 2016, na msomaji akapata picha ya vijana wa chuo wenye kompyuta. Sasa tazama waliko watu hao. Kaunti iliyoongoza kwa waliosema hawana dini ni Kilifi, hapa tu ukishavuka daraja la Nyali na lile la Mtwapa. Ni bara la Kaloleni, Ganze na Magarini, mashamba ya mihindi na minazi, vikongwe na wazee waliozaliwa kabla ya uhuru.

Nani katika Mombasa asiyejua jibu? Neno dini lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na kitabu na nyumba ya ibada ndani yake. Mgiriama mzee akiulizwa "una dini gani?" anasikia akiulizwa kama ameslimu au ameokoka. Hajaslimu, hajaokoka. Anajibu kwa ukweli wake: sina dini. Nimeketi na mzee wa aina hiyo huko bara ya Kilifi. Aliniambia hana dini kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema hana baiskeli. Kisha, kabla ya kuonja tembo lake la mnazi, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wazee wake, akawaita kwa majina, baba yake na babu yake, akiwaombea wajukuu afya na shamba mvua. Uani vilisimama vigango, vile vigingi vya mbao vya kuwakumbuka waliotangulia. Mtu huyu hafanyi jambo bila kuwataja waliokufa na Mungu aliye juu yao, na serikali imemwandika kwenye safu moja na kijana wa Nairobi anayesema mbinguni hakuna kitu.

Utaniambia sensa ilikuwa na kisanduku cha wafuasi wa dini za jadi. Kweli kilikuwepo. Mwaka 2009 waliokuwemo humo walikuwa 635,352, mwaka 2019 wakabaki 318,727. Nusu yao wamekwenda wapi katika miaka kumi? Wapo waliozikwa, wapo waliobatizwa, wapo waliosilimu. Lakini siamini kwamba kaya, yale maboma matakatifu ya Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, zilimwagika kiasi hicho, hasa katika miaka iliyofuata misitu ya kaya za Mijikenda kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wazee wake wakawa wanatafutwa na wageni waeleze mila. Naona ni suala la jina. Kuitwa mtu wa jadi mbele ya karani kijana, mbele ya mjukuu anayesoma shule ya misheni, kuna haya ndani yake. Basi mtu husema jina la kanisa lililo karibu, au husema hana. Hesabu tunayojivunia mbele ya Watanzania inapima nani amelizoea neno dini.

Kosa la pili ni kupima imani kwa mahudhurio. Maswali mengi ya utafiti huuliza mtu ameenda mara ngapi kanisani au msikitini. Mama zetu wa Kibokoni na Bondeni wengi husali nyumbani, na sheria ya dini haijawalazimisha sala ya Ijumaa. Mwanamke aliyeamka tahajudi, sala ya usiku wa manane, miaka arobaini atahesabiwa chini ya kijana anayefika Ijumaa khutba imekwisha. Muethiopia wa kanisa la Orthodoksi, ambaye kalenda yake ina siku zaidi ya 180 za kufunga kwa mwaka, akipimwa kwa saumu atatupita sote, Waislamu wa Pwani tukiwemo. Kipimo huchagua mshindi kabla ya shindano kuanza.

Hilo tuliliona wenyewe 2020. Mwezi Machi serikali yetu, hii yenye Mungu kwenye mstari wa kwanza wa katiba, ilifunga makanisa na misikiti kwa sababu ya korona. Mwezi Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na Mei wakaufunga Mji wa Kale peke yake. Tanzania, nchi "isiyo na dini", iliacha milango ya ibada wazi, na Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombi ya taifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Kwa mizani ya barazani kwetu, mwezi ule Watanzania walitushinda dini mara mia. Lakini mimi nilikuwa hapa Ramadhani ile. Nilisikia tarawehe zikisaliwa vibarazani na juu ya mapaa, baba akiwasalisha watoto, vijana waliokuwa hawajawahi kusimama mbele wakijifunza kuwa maimamu wa mama zao. Msikiti wa Mandhry, uliosimama tangu 1570, ulikuwa kimya, na mtaa mzima ukawa msikiti. Naamini kufunga kulikuwa sahihi kiafya, na sikubali kwamba jirani aliyeacha wazi alimcha Mungu zaidi. Vilevile sikubali tumpunguzie jirani kwa sababu serikali yake haitaji Mungu kwenye karatasi.

Maana ukifika kwao utasikia. Kiongozi wa Tanzania akisimama mbele ya umati huanza kwa asalaam aleikum, akafuatisha tumsifu Yesu Kristo, akaongeza Bwana Yesu asifiwe, na umati huitikia zote tatu, Mwislamu akimwitikia hata Mkristo. Tangu uhuru marais wao wamepokezana: Nyerere Mkatoliki aliyekuwa akienda misa bila kupiga kelele, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo, Samia Mwislamu. Hakuna kifungu cha katiba kinacholazimisha hivyo. Watanzania wana kauli wanayoikariri tangu enzi za Mwalimu, kwamba serikali haina dini lakini watu wake wanazo. Huko kunyamaza kwa serikali, kwangu mimi, ni adabu ya nyumba yenye wake wenza: mume hasifii chungu cha mmoja mbele ya mwenzake. Nafasi iliyobaki watu wameijaza wao, kwa maulidi, kwa jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki mtaani, kwa mazishi ambayo padri na sheikh huketi mkeka mmoja.

Lakini adabu hiyo ina upande unaoumiza, na mtu wa Pwani hawezi kuupita. Sisi Waislamu wa Kenya ni wachache. Tunapodai mahakama za kadhi, nafasi za kazi au ruhusa ya hijabu shuleni, huwa tumeshika ile asilimia 10.9 mkononi. Bila hesabu tungeambiwa hatupo. Waislamu wa Tanzania hawana karatasi hiyo. Wakoloni waliwaachia nchi ambayo shule nyingi zilikuwa za misheni. Ni kweli serikali ilizichukua shule hizo kwa sheria ya elimu ya 1969, na watoto wa Kiislamu wakafunguliwa mlango. Ila malalamiko kwamba ofisini na vyuoni bado hawalingani na wingi wao hayajaisha, na hayawezi kupimwa. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa hapa hapa Mombasa mwaka 1945, ilipigwa marufuku kwao 1968, na pakaundwa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwataka watu wasusie sensa mpaka swali la dini lirudishwe. Serikali ilikataa, ikihofia kuwagawa watu. Hofu hiyo naielewa. Pia namwelewa aliyesema: nihesabuni, nijue nilivyo. Mzani wangu unaelemea kwenye kunyamaza kwao, lakini kwa uzani mdogo kuliko nilivyodhani nilipoanza kulifikiria jambo hili.

Limebaki la waganga. Utafiti ule wa Pew ulionyesha Watanzania zaidi ya tisa katika kumi wanaamini uchawi upo, na hapo barazani watu hupiga makofi: unaona? Nauliza: vile vibango vya Mwembe Tayari vinasomwa na nani? Mganga hatoki Tanga, akalipa nauli na chumba Likoni, kwa kuwatafuta Watanzania wenzake. Namba ile inapigwa na wateja wetu, usiku, kwa sauti ya chini. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, Wakenya walivuka mpaka kwa mamia ya magari wakalala barabarani wakingoja zamu. Mtanzania alijibu swali la mtafiti kwa uwazi, sisi tukajibu kwa haya, kama yule mzee wa Kilifi anayeona haya kusema jadi.

Na wanaotaka kutumia uchawi kuwahukumu majirani wakumbuke Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Waganda walikuwa wameona msiba kama huo Kanungu mwaka 2000, walipokufa mamia ya wafuasi wa dhehebu moja. Waliokufa Shakahola, kama karani angewafikia, wangejibu swali la dini bila kusita hata kidogo. Wangehesabiwa miongoni mwa asilimia 85.5.

Sensa yetu ijayo inatarajiwa 2029. Sitaki swali la dini liondolewe, kwa sababu najua wanaolihitaji. Nataka karani atakayetumwa Ganze au Magarini awe mtu anayejua Kigiriama, na akijibiwa "sina dini" asiandike bado. Aulize tena: ukiwa na mgonjwa, humwomba nani?