Jiwe Jekundu la Kansas Limerudi kwa Wenyewe

Kansas ikitajwa, watu hukumbuka alizeti, ua rasmi la jimbo hilo tangu 1903, kisha husema ni nchi tambarare isiyo na cha kutazama. Hilo silikubali hata kidogo. Upande wa mashariki kuna Flint Hills, vilima vilivyojaa mawe ya chokaa na gumegume. Plau za walowezi zilishindwa kuyapasua, ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimesalia pale, ilhali kwingineko zimelimwa karibu zote. Kila Aprili wafugaji huzitia moto. Ardhi hubaki masizi matupu, na baada ya wiki chache imekwisha kuwa kijani kibichi, kwa kuwa mizizi imezama chini mno, moto hauifikii.

Ila ninachotaka kukisemea leo ni jiwe.

Wakaw, au Wakansa, kabila la wenyeji asilia ambao jina la jimbo limetokana nao, waliliita Iⁿ‘zhúje‘waxóbe, jiwe jekundu takatifu. Uzito wake unapita tani 20. Barafu ya zama za kale ndiyo iliyolisukuma kutoka kaskazini hadi kando ya Mto Kansas, na hapo Wakaw wakawa wanalijia kwa sala na nyimbo. Mwaka 1873 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Jiwe likabaki bila watu wake. Mwaka 1929 mji wa Lawrence, ukiadhimisha miaka 75 tangu kuanzishwa, ulilichukua, ukalisimamisha bustanini na kulibandika bamba la kuwasifu walowezi. Hebu fikiria: unamwondoa mtu kwake, kisha unachukua mkeka wake wa kusalia na kuandika juu yake sifa zako!

Juu ya kuba la bunge la jimbo, Topeka, tangu 2002 imesimama sanamu ya shujaa wa Kikansa akielekeza mshale kwenye Nyota ya Kaskazini. Ni sanamu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini heshima ya sanamu haimgharimu mtu ardhi wala mali. Jiwe ni jambo jingine, kwa sababu kulirudisha kulimaanisha kukiri kwamba lilichukuliwa. Mwaka 2021 Lawrence iliomba radhi rasmi, na 2023 jiwe likang'olewa bustanini. Sasa liko karibu na mji wa Council Grove, katika ardhi ambayo Wakaw waliinunua wenyewe, palepale walipoishi kabla ya kufukuzwa. Juni 2024 walikusanyika kulizindua upya.

Natamani walimu wa Kansas wawapeleke watoto huko kabla ya kuwafundisha kuchora alizeti. Wawaache waliguse, ikiwa wenyewe wataruhusu, na wawaambie ni nani waliokuwa wakiimba mbele yake, na kwa nini kwa miaka 150 hawakuwapo.