Gia 12, Mshahara Mmoja

Mimi sina ugomvi na mtu aliyenunua baiskeli ya shilingi milioni moja na nusu. Pesa ni zake, mapaja ni yake, na Karura ni msitu wa umma. Ninachouliza ni hiki tu: kwa nini yeye akinunua mpya huko Runda, kwa matajiri wa Nairobi, mimi nikose spea huku Umoja?

Yangu ni baiskeli ya milimani, mtumba wa Ulaya, ilishuka na kontena Mombasa ikapanda hadi soko la Gikomba, ndipo tukakutana. Tairi inchi 26, gia tisa nyuma, tatu mbele, fremu ya alumini yenye mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza na ya kwangu. Kila asubuhi inanitoa Umoja, tunapita Donholm, tunaingia Jogoo Road, tunakata Likoni Road hadi Industrial Area, huku matatu zikinipigia honi utadhani nimewaibia abiria. Kwani nifanyeje? Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, wale wa serikali wanaosimamia nishati, hutangaza bei ya mafuta, na tarehe 15 makanga hutangaza yake. Mafuta yakipanda shilingi moja, nauli inapanda ishirini. Mafuta yakishuka, siku hiyo makanga hakusikiliza redio. Na mvua ikinyesha hapo ndipo utajua ubaya wa binadamu. Ndiyo maana nikaona heri chombo kinachokunywa jasho, maana jasho langu halijawahi kupanda bei.

Sasa hicho chombo nacho kimeanza kuishi kama wenyewe.

Mambo yalianzia kwenye mkono wa gia wa nyuma, ule unaosukuma cheni huku na huku. Pikipiki ilinipapasa pale Donholm, mkono ukakunjika ukaingia kwenye spoku. Nikaikokota mpaka kwa fundi wangu wa kando ya reli, karibu na stesheni ya Makadara. Akauinua kwa kidole, akauachia, akaniambia, "Mzee, huyu ametangulia." Katika lile kopo lake la rangi lililojaa vyuma alikuwa na mikono ya gia sita na saba, ya bati, iliyokwisha kuoa na kuachika mara kadhaa. Ya gia tisa hakuna. Akanishauri nijaribu kule kwa maduka ya wakubwa.

Nikavaa shati la harusi nikaenda.

Duka lenyewe linauza pia kahawa. Hapo ningejua. Baiskeli zimetundikwa ukutani, tairi hazijawahi kugusa tope, na chini ya kila moja kuna kikaratasi kidogo cha bei, kidogo kwa makusudi. Nikasoma kimoja. Nikahesabu sufuri, nikarudia nikitafuta nukta niliyoiruka. Sikuiona.

"Hiyo ni kaboni, mzee," kijana wa duka akanijia.

"Kaboni si ni makaa?"

"Siyo makaa."

"Lakini bei imewaka."

Hakucheka. Watu wanaolipwa kamisheni hawachekicheki. Nikamwambia shida yangu: mkono wa gia tisa. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya daktari kijana kwa mgonjwa mzee, akasema za gia tisa hawaleti, siku hizi ni gia 12, na mbele gurudumu la meno ni moja tu.

Sawa, nipe wa 12.

Hapo akavuta pumzi. Mkono wa gia 12 unataka cheni yake, nyembamba kuliko yangu. Haya, lete cheni. Cheni hiyo inataka kaseti yake, lile rundo la magurudumu ya meno ambalo fundi wangu huliita friwili, aina isiwe na maneno. Lete na hiyo. Lakini kaseti za kisasa alizo nazo, gurudumu lake dogo kabisa lina meno 10, na habu yangu ya kizamani, kile kitovu cha gurudumu la nyuma kinachobeba kaseti, haibebi chini ya meno 11. Kwa hiyo habu mpya. Na habu zenyewe si moja: kampuni mbili za kuunda gia, SRAM walileta mtindo wao mwaka 2012, Shimano wakaja na wao mwaka 2018, na hiyo mitindo miwili haisalimiani. Haya, chagua mmoja, lete. Akasema habu alizo nazo upana wake ni milimita 148. Yangu je? Akatoa kipimo, akainama, akapima. Milimita 135.

"Kwa hivyo?" nikauliza.

"Kwa hivyo haiingii kwa fremu yako, mzee."

"Kwa hivyo?"

Akatazama ukutani, kule zilikotundikwa.

Yaani nimekuja kununua kitasa naambiwa nihame nyumba! Tena kwa sababu ya milimita 13, upana wa ukucha wa kidole gumba. Nikamuuliza hizo milimita zilipatikana wapi. Akanieleza kwamba tairi zilipokua, kutoka inchi 26 hadi 27.5 na 29, spoku zikawa ndefu na rimu ikaanza kuyumba, basi habu ikatanuliwa ili rimu isimame imara. Nikauliza, na nani aliwaambia wakuze tairi? Akasema tairi kubwa inapita juu ya mawe na mashimo bila kukwama. Hilo sikulibishia, maana nimepita Jogoo Road leo. Lakini kwa mashimo yetu inchi 29 ni mwanzo tu. Sisi tungehitaji ya trekta.

Aliponiona bado nimesimama, na kahawa sijanunua, akanipa kisa kingine kama pole. Mwaka 2019 SRAM walitoa kipande kimoja cha kuning'inizia mkono wa gia, wakawaambia wenye kuunda fremu: sote tutumie hiki, ili mtu akivunjikiwa asihangaike kutafuta chake kati ya aina mamia. Nikampongeza kijana wa watu utadhani amekibuni yeye. Nikasema afadhali, kumbe huko nako kuna wenye utu. Akaniambia nisubiri. Mwaka 2023 hao hao wakatoa mkono wa gia usiotumia kile kipande kabisa, unafungwa moja kwa moja kwenye fremu. Ila sharti iwe fremu iliyoundwa kwa kipimo cha kile kipande. Mwenyewe nilikaa chini. Walikuwa na viti vizuri, lazima niseme.

Kutoka hapo akanionyesha gia zisizo na waya. Huku kwetu kitu kisicho na waya ni kwa sababu mtu ameshauiba, lakini hizi zimetoka kiwandani hivyo. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, mkono wa gia nyuma unasikia, unahama wenyewe. Nyuma kuna betri ya kuchaji. Kwenye kitufe kuna betri nyingine bapa, duara, kama sarafu ya shilingi ishirini. Kuna programu ya simu ya kukuonyesha betri imebaki ngapi. Na baiskeli, kijana alisema bila aibu, inasasishwa. Nikamwomba arudie. Inasasishwa, kama simu.

Hebu fikirieni nyumba yangu. Soketi inayofanya kazi ni moja. Kwenye ekstensheni kuna simu ya Mama Watoto, simu yangu, tochi, na mashine ya kunyolea ya kijana wetu mkubwa ambaye amejifungulia kinyozi chumbani. Sasa niingie na baiskeli nayo, niseme jamani sogeeni, na mimi nachaji usafiri? Na siku tokeni za stima zikiisha usiku, asubuhi niamke gia imegandia kwenye ile nzito, nipande mlima nimesimama juu ya pedali, nikifika kazini nimwambie msimamizi nimechelewa kwa sababu baiskeli haikuwa na chaji? Yule bwana hakuniamini hata siku niliyofiwa kweli.

Kuna kiti pia. Kiti kinachoshuka ukibonyeza, ili ukiteremka mlima uzito urudi nyuma usipinduke, halafu ukibonyeza tena kinapanda. Kisicho na waya alinitajia laki moja na ushee. Laki! Changu hushuka bure. Skrubu imeisha meno, nikitoka Umoja niko juu, nikifika Donholm niko katikati, nikiingia Likoni Road magoti yananisalimia masikio. Tofauti ni kwamba changu hakipandi, na hiyo ndiyo inauzwa laki.

Tairi nazo hazina tyubu. Ndani mnamiminwa maji mazito meupe, mwiba ukiingia yanakimbilia tundu na kuliziba. Hili nakiri ni jambo la maana, hasa kwa misumari ya Industrial Area. Lakini niliposoma bei ya kile kichupa niliona bora mtu asimwonyeshe Mama Watoto. Sisi maziwa ya chai tunapimia kwa kifuniko, halafu tairi inyonye?

Na shokamzoba. RockShox walipotoa ya kwanza yao mwaka 1989 ilikuwa hewa na mafuta basi, kazi yake kumeza matuta. Tangu mwaka 2021 wana ya kompyuta: inasoma ardhi, inasoma miguu yako, inaamua yenyewe ilegee au ikaze. Baiskeli inafikiri! Ikifikiri mpaka Makadara itanishusha iende na njia yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa watu walianza kama mimi. Miaka ya 1970, huko Marin, California, vijana walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, vyuma vizito kabisa, wakazipandisha Mlima Tamalpais na kuziachilia chini. Mwaka 1976 wakaanza kushindana. Breki za nyuma zilikuwa zinapata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi, kila wakifika chini wanafungua habu wanapaka nyingine. Mitumba mitupu! Hao ndio watu wangu. Halafu mwaka 1981 kampuni ya Specialized wakaanza kuuza ya dukani, Stumpjumper, kwa dola 750, na leo ukitaka ile ya juu kabisa ya kampuni kubwa uandae zaidi ya dola 10,000. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nina presha.

Msiniambie ni dola. Dola naijua. Mapema mwaka 2024 ilifika shilingi 160, kila kitu kikapanda, hata muuza njugu alikuwa anataja dola. Baadaye ikarudi 129 hivi. Nikaenda dukani na furaha yangu. Bei iko pale pale, imeshika ukuta. Nikauliza, nikaambiwa hiyo ni mali ya zamani iliyonunuliwa kwa dola ya juu. Mbona dola ilipokuwa inapanda mali ya zamani haikukumbuka kwamba ni ya zamani? Vilevile wakati wa korona mwaka 2020 dunia nzima ilikimbilia baiskeli, spea zikapotea, bei juu. Halafu Ulaya na Marekani maghala yakafurika, wakaanza kuuza kwa punguzo. Hilo punguzo halikupanda meli. Meli ilileta mzigo tu, na hapa ukapokelewa kwa VAT ya asilimia 16, ada ya reli na ndugu zake wengine.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu anayo moja ya hizo za kisasa. Si tajiri, ana mkopo wa sacco. Jumamosi asubuhi anaishusha ngazi ameikumbatia, anaifunga nyuma ya gari, anaipeleka Karura, anaizungusha chini ya miti aliyoipigania Wangari Maathai, anaifuta, anairudisha kwa gari. Mimi baiskeli inanibeba, yeye anaibeba. Lakini ukituona njiani, mimi nikiwa na jasho na yeye na kofia ya kaboni, anayeitwa mwendesha baiskeli ni yeye. Mimi ni yule mzee anayezuia gari.

Sasa mkono wa gia. Nilirudi Makadara mikono mitupu, fundi akaniuliza walisema nini, nikamsimulia yote, kuanzia milimita 13 hadi kiti cha laki. Alisikiliza huku anapiga kiraka tyubu ya mtu. Akakata cheni yangu, akaondoa mkono wa gia, akaondoa na nyaya zote, akafunga cheni kwenye gurudumu moja la meno la katikati, basi. Gia moja. Dakika chache kazi imekwisha, na ikaenda vizuri ajabu, mlima tu ndio unaomba radhi.

"Ngapi, fundi?"

Akataja bei iliyozidi ile tuliyopatana asubuhi kwa shilingi mia tatu. Nikaruka. Nikamuuliza vipi, umeniondolea vyuma hukuniongezea hata kimoja!

Akafuta mikono polepole. Akaniambia kuna mteja mmoja wa Kilimani alimwonyesha kwenye simu kwamba ng'ambo siku hizi kuna baiskeli za milimani za gia moja, kwa makusudi, na wenyewe wanazilipia pesa nyingi.

"Hiyo ni teknolojia, mzee," akasema. "Tuma kwa Till."