Mguu wa Mjomba

Paa la nyumba yetu liliezekwa na Mjomba kwa mikono yake, na shida yote ilianzia hapo. Paa la fundi wa kulipwa likichoka unalibomoa, habari imeisha. Paa la Mjomba lilikuwa na heshima zake. Ukisema linavuja, umemtukana mzee. Ukisema limeoza, hata mama yako mzazi anakupigia simu kuuliza una nini na kaka yake.

Kwa hiyo hakuna aliyesema linavuja. Mvua ikinyesha tulitega beseni kimya kimya, na mgeni akiuliza tulimwambia tunakinga maji.

Kilichotuchanganya ni kwamba tone halikuwa na makao. Mvua hii linadondoka chumba cha watoto, mvua ijayo limehamia ukumbini. Mwisho nilielewa kwa nini. Maji huingia kwenye tundu la msumari huko juu karibu na kofia ya paa, yakatambaa chini ya bati, yakakuta papi, yale mabao yanayoshika misumari, yakafuata ubao mpaka yanapochoka, ndipo yanadondoka. Kutoka tundu hadi tone panaweza kuwa na mita kadhaa. Mjomba hakutaka kusikia hayo. Yeye alipanda na kopo lake la lami na kuipaka juu kabisa ya pale beseni lilipo, sawa na kumfunga mtu bandeji ya goti kwa sababu jino linamuuma.

Na lami haikukaa. Bati la mita 3 likipata joto nyuzi 40 zaidi ya lilivyoamka asubuhi hurefuka karibu milimita moja na nusu, jioni likapoa likarudi. Fanya hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Misumari inalegea na kuinua vichwa, vile vimpira vya chini ya vichwa vinakauka na kupasuka, na lami ya Mjomba inafanya nyufa kabla hata hajashuka na kunawa mikono. Mbaya zaidi, alikuwa anaziba mpaka ukingo wa chini pale bati moja linapolalia jingine, kwa hiyo maji yaliyokwisha kuingia hayakuwa na pa kutokea isipokuwa kwetu.

"Hilo si kuvuja, mpwa wangu," aliniambia siku moja, uso mkavu, huku tone likimwangukia begani. "Hilo ni jasho. Bati likipata baridi hutoa jasho."

"Mjomba, mvua inanyesha."

"Ndiyo. Na mvua ina baridi."

Utabishana naye vipi? Nilimwonyesha dari: alama za kahawia, duara ndani ya duara, kila masika yameongeza duara lake. Nilimwonyesha gata, imejaa magamba ya kutu. Akanijibu kwa historia. Bati la migongo, akasema, lilianzia London mwaka 1829, Mwingereza Henry Robinson Palmer ndiye aliyechukua hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, na mpaka leo dunia nzima inaezekea bati. "Sasa wewe unaniambia hili la juzi limekwisha?"

Nami nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia chuma kitupu kilikuwa kinaliwa na kutu, ndiyo maana mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akachukua hataza ya kukipaka zinki. Zinki hujitoa, huliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone. Ikiisha, chuma kimebaki yatima. Mjomba akatikisa kichwa kwa muda, nikadhani hatimaye yamemwingia.

"Kama inaliwa," akasema, "si tunapaka tena?"

"Tunapaka nini?"

"Lami."

Basi yakaja yale ya wakwe. Baba mkwe na mama mkwe walikuwa wanakuja kututembelea, na mvua ya usiku wa kuamkia siku hiyo ikachagua sebule, tena juu ya kiti tulichokuwa tumepanga akalie baba mkwe. Asubuhi jua lilitoka kali. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa amenyamaza kwa sababu Mjomba si wa upande wake, akasema neno moja tu: "Leo." Mjomba akaitwa. Nikamsihi safari hii asiende juu na lami, aingie darini, azime tochi, akae gizani na kuangalia juu. Panapopenya mwanga ndipo palipotoboka. Paa lisilo na tundu huwa giza totoro. Akakubali, nadhani kwa nia ya kuniaibisha. Akapanda ngazi ukumbini, akapotelea kwenye shimo la dari.

Wakwe wakafika kabla ya saa waliyosema.

Mke wangu akafanya mambo mawili kwa haraka ambayo sikuwahi kuyazuia. Akarudisha kifuniko cha shimo, akachukua ngazi akaificha uani. Hakutaka wazazi wake waone nyumba iko kwenye matengenezo. Mzee wa watu akabaki juu, gizani, jambo ambalo kwa kazi aliyotumwa lilimfaa kabisa.

Tukaamkiana, tukaketi. Baba mkwe ni mtu wa adabu sana, wale ambao hawaketi mpaka wameambiwa mara mbili. Akauliza hali za watoto, tukamjibu. Juu ya vichwa vyetu kukasikika kitu kizito kinajikokota.

"Mna panya?" akauliza kwa upole.

"Mmoja," mke wangu akasema. "Mkubwa kidogo."

Tukarudi kwenye hali za watoto. Ndipo kutoka darini ikashuka sauti nzito, ya mtu anayefanya kazi yake kwa makini: "Kumi na tisa... ishirini... ishirini na moja..."

Baba mkwe akanyamaza. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake, akatazama dari.

"Panya wenu anahesabu," akasema.

Sikuwa na jibu. Mjomba alikuwa amefika ishirini na nane, na sauti imeanza kumtetemeka, maana nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona paa lake kutoka ndani, nyota mchana kweupe. Nikasikia ameguta "Yarabi!" na hatua moja ya kurudi nyuma. Mjomba anajua darini mtu hakanyagi dari, anakanyaga mbao za kenchi, na alikanyaga mbao ya kenchi sawasawa. Ila mbao hiyo mchwa walikuwa wameila yote ndani, wakaacha ganda la nje lililonyooka na kupendeza.

Ikalia *kwaa!* Kipande cha dari kikaanguka mezani, vumbi likajaa sebule nzima, na vumbi lilipotua kukawa na mguu. Mguu mmoja, wa kulia, una kiatu na soksi, umening'inia kutoka darini mpaka pajani, hatua chache kutoka kwa baba mkwe, unatikisika kidogo. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sielewi. Tulikaa tu, sote, tunautazama mguu.

Kisha Mjomba, kwa kuwa amelelewa, akasema kutoka juu: "Karibuni sana."

Na baba mkwe, kwa kuwa naye amelelewa, akainuka, akauelekea mguu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Njema kabisa. Za hapa?"

"Za hapa," mguu ukasema baada ya kufikiri, "kuna matundu."

Tulimshusha salama. Alichubuka goti, na ukimya uliomshika ulituogopesha kuliko mchubuko. Baba mkwe ndiye aliyeagiza fundi aitwe, na kwa baba mkwe hakuna wa kubisha.

Fundi alikuja na bisibisi tu. Akaingia darini, akachoma mbao ya kwanza, bisibisi ikazama mpaka mpini. Ya pili hivyo hivyo. Akapanda juu, akabonyeza bati kwa dole gumba pale mabati yanapolaliana, kidole kikatokeza upande wa pili. Kutu huanzia hapo, alisema, kwa sababu maji yakiingia katikati ya mabati mawili hayakauki. Lakini Mjomba alikuwa bado ana pumzi moja ya kupigania.

"Fundi, misumari mipya haitoshi?"

"Ingetosha, mzee, kama bati lingekuwa zima na mbao ni nzima. Tungetoa misumari tukaweka skrubu zenye mipira, ukaishi miaka. Hata kama yangekuwa mabati machache yameoza, tungebadilisha hayo machache. Ila msumari unataka ubao wa kuushika. Hapa niupigilie kwenye unga?"

Akaendelea kukagua, na hapo ndipo nilipotamani ashuke tu aende zake. "Aliyeezeka alipigilia misumari mabondeni," akasema. "Maji yanapita bondeni. Msumari unapigwa mgongoni."

"Bondeni unashika vizuri zaidi," Mjomba akanong'ona.

Fundi akageuza kipande cha bati, akasugua kwa kidole, akasoma mhuri uliofifia. "Tena ni geji 32."

Mjomba akachangamka ghafla. "Eeh! Hilo nakumbuka! Muuzaji alitaka kunipa 28, nikamkatalia. Nikamwambia nyumba ya dada yangu haiezekwi kwa bati hafifu, nipe 32."

Fundi akakohoa. Akaangalia miti. Akaniangalia mimi, nikaangalia miti.

"Mzee," akasema taratibu, "kwenye mabati, namba ikipanda, unene unashuka."

Mjomba hakusema kitu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama vile mimi ndiye niliyepanga namba hizo kabla sijazaliwa.

Paa likabomolewa, kenchi zikabadilishwa, mabati mapya yakapanda, skrubu zikakaa mgongoni. Mjomba alisimamia kazi kutoka chini, kwenye kiti, kwa masharti ya ukoo mzima. Dari ya sebule ilikuwa bado haijarudishwa ilipokuja asubuhi moja ya baridi kali, mbingu safi, hakuna wingu, na tone likaanguka mezani. Likafuata jingine. Sijui nani alimpigia simu. Alifika kabla sijavaa viatu, kopo la lami mkononi, uso unang'aa.

"Linavuja!"

"Mjomba, hakuna mvua. Tumelala humu, pumzi zetu na unyevu wa nyumba vinapanda juu, vinakuta bati baridi, vinageuka maji. Dari ikirudi na karatasi ya kuzuia unyevu ikiwekwa, basi. Ni jasho."

"Jasho!" Akacheka kwa dharau. "Mpwa wangu, mimi nimeishi na mapaa. Hilo linavuja. Ngazi iko wapi?"

"Imeazimwa," mke wangu akajibu kutoka ndani.

"Na nani?"

"Na baba. Aliondoka nayo siku ile ile."

"Ataileta lini?"

"Hajasema, Mjomba."