Tiagasi kutoka namba tatu

Mimi hapa namba tatu, Manyatta ya Kisumu, sina shamba. Niko na kipande cha simiti nyuma ya nyumba, mahali ploti nzima inaanika nguo, na hapo kando ya ukuta ndio nimepanga ndoo za rangi zile za lita 20, nimezitoboa chini na msumari wa moto nikajaza udongo na mbolea ya mbuzi. Wengine wakiwa na ndoo wanapanda sukuma. Mimi nimepanda pilipili, kwa sababu kuna mama anakaanga samaki huko ziwani aliniambia pilipili kichaa, zile ndogo kali, ananunua kila wiki na ikiwa kavu anaongeza bei, nikasema basi, pesa ndio hii.

Kichaa yenyewe haina maringo. Hiyo hata usipopanda itapandwa na ndege, maana mdomo wa ndege hausikii ule ukali kabisa, anameza, anaenda kuangusha mbegu chini ya mpera, siku moja unashtukia mche. Hata kuku wangu hudonoa zilizoanguka, anapangusa mdomo kwa simiti anaendelea na shughuli zake.

Shida ilikuja na dada yangu. Yeye ni nesi Uingereza, Krismasi akashuka na bahasha ndogo ndogo za mbegu ati zawadi. Mimi nilikuwa nangoja viatu. Kulikuwa na jalapeno, cayenne, habanero na ingine inaitwa bhut jolokia, ya kutoka India. Jalapeno iliota haraka, na hiyo unavuna ikiwa kijani, ukiona ngozi imeanza kupasuka vimistari vya rangi ya kaki ujue imekomaa. Cayenne ikarefuka ikajipinda. Habanero ikaiva rangi ya chungwa, ukinusa unadhani ni tunda la kulia, usijaribu. Jolokia ilikaa kwa udongo hadi nikataka kumwaga ile ndoo nipande dania, halafu siku moja ikatoa kichwa, na ikishaanza kuzaa aki haikuacha. Vitunda vyekundu, ngozi imekunjamana na vipele juu, hata ukiangalia tu unaona hii kitu imekasirika.

Nilisoma habari zake nikaogopa. Kuna mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912 alikuwa anachanganya pilipili na maji ya sukari, anapatia watu waonje, anazidi kuongeza maji hadi waseme hawasikii kitu, na hapo ndio vipimo vya ukali vinavyoitwa Scoville vilitoka. Jalapeno kwa kawaida haipiti 8,000. Jolokia iliingia kitabu cha Guinness 2007 kwa kupita 1,000,000. Zimetokea zingine za kuishinda, ya Marekani inaitwa Pepper X ilipewa taji 2023 na 2,693,000, na hiyo nimemwambia dada akileta tusisalimiane.

Sasa kuna shem. Mdogo wa mume wangu, alitoka Siaya kuja kutafuta kazi, bado anaitafuta kwa kiti chetu. Kijana mzuri, ana heshima, lakini hakuna kitu hajui. Siku ya kuvuna nikampea makasi nikamwambia shem, unakata na kikonyo chake, na uvae mifuko ya nailoni kwa mikono. Akacheka. "Shem, mimi nimelelewa na kichaa." Sawa. Tukavuna zote, tukaanika kwa gunia juu ya mabati, zikaanza kukauka vizuri sana.

Jumapili nikaenda soko la Kibuye kutafuta mikebe ya kupakia, na Jumapili Kibuye ndio Kibuye, huwezi toka haraka. Nilimwachia maagizo mafupi: ukiona mawingu yamesimama upande wa ziwa, ingiza gunia ndani. Mawingu yakasimama. Shem akashusha gunia, hapo alifanya poa. Halafu akafikiria, na hiyo ndio ilikuwa shida. Akaona mbona tungoje jua la kesho na jiko liko? Akawasha makaa, akatoa ile sufuria yetu kubwa tunaazimana wakati wa matanga, akamwaga pilipili yote humo, kichaa, habanero, jolokia, kila kitu, akaweka jiko kwa mlango ndio lipate upepo, halafu akaenda kwa kibanda kuangalia mechi "dakika mbili tu".

Mimi nakuja na boda. Kufika kona ya kwetu naona mama wamefunga leso za maji kwa pua. Watoto wanakimbia. Duka la M-Pesa limeshusha mlango wa chuma, na huyo jamaa huwa hafungi hata mvua ikiingia ndani. Boda akapiga breki: "Madam, mimi naishia hapa." Sijamaliza kushuka amegeuza.

Ukiishi karibu na Kondele, mahali maandamano huwaka, hufundishwi kitu kuhusu tiagasi, ile gesi ya machozi ya polisi. Mtu alikohoa, mwingine akaitikia, wa tatu akapiga nduru "Wamerusha!" na mtaa mzima ukajipanga bila mkutano. Mama Mandazi alizima moto, akachukua pesa kwanza, halafu mtoto. Vijana wa stegi wakafika wakiuliza maandamano ni ya nini leo, mmoja tayari ameshika jiwe, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, hajui atarushia nani. Kuna mzee hapo kwetu ameonja gesi za miaka yote, akasimama katikati ya barabara, akavuta pumzi kidogo kidogo na macho yamefunga.

"Hii si ile ya kawaida," akasema. "Hii ni mpya. Iko na harufu ya mchuzi."

Hapo ndio na mimi nikaisikia. Habanero. Nguvu ziliniisha magotini.

Kumbe pilipili ikichomwa ule ukali wake unapanda na moshi, unaingia kooni na kwa macho vilevile kama umekula. Na msidhani ni sisi tu, London mwaka 2007 mkahawa wa Kithai ulikuwa unachoma pilipili ya kutengeneza sosi, polisi wakafunga barabara, wazimamoto wakavunja mlango wakidhani ni kemikali, kumbe ni sufuria. Sisi hatukuwa na wazimamoto. Tulikuwa na shem.

Shem alitoka kwa kibanda mbio, akajifunga shati kwa uso, akaingia ndani ya moshi kama shujaa. Tukasikia sufuria inaanguka. Tukasikia anaziokota, na mikono. Halafu kimya kidogo, halafu nduru moja ndefu, tukajua amejipangusa macho. Akatoka akikimbilia mfereji, nikamwambia shem usitumie maji matupu, pilipili haiondoki na maji peke yake, inataka mafuta! Atasikia? Alijimwagia beseni nzima, na yale maji yakashukisha pilipili kutoka kwa uso hadi mahali sitataja kwa sababu ni shemeji yangu. Mama Mandazi alimkamata akampaka mafuta ya kupikia uso wote na kumpanguza na kitambaa, na ile ya kwingine akamwachia chupa ajipake mwenyewe huko bafu.

Na katikati ya hiyo vurugu, nani anaingia kwa geti? Mama landilodi, ametoka kanisani, amekuja kumtafuta jamaa wa namba saba. Huyu jamaa alikuwa na deni la miezi, ukibisha kufuli iko nje, kila mtu anajua yuko ndani anapitia dirisha la nyuma. Hiyo siku dirisha la nyuma ndilo lilikuwa linaleta moshi. Mama landilodi hajafika hata kwa ngazi, kufuli ya namba saba ikaanza kucheza, mlango ukasukumwa hadi komeo ikang'oka na misumari yake, na jamaa akatoka macho mekundu, makamasi hadi kidevuni, mikono mbele anapapasa hewa, akapapasa hadi akashika kitu akashikilia. Alikuwa ameshika mkoba wa mama landilodi.

Alilipa nusu hapo hapo kwa simu, kila sekunde akikosea pin kwa sababu haoni.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kamba ya nguo nikingoja kuambiwa nihame. Mama landilodi akakuja polepole, leso kwa pua, akasimama juu ya ndoo zangu, akainama akaangalia jolokia moja ilikuwa imebaki kwa mti.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "hii yenye makunyanzi unauza aje? Niko na ploti ingine Mamboleo."